Inakula Nini, na Imelala Tu Pale Juu?

"Sasa hiyo betri inakula nini, na kidude chenyewe kimelala tu pale juu?"

Mjomba aliniuliza hivyo kwa simu, na hakuwa akitania. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule anapanda ngazi hadi juu ya simtanki nyumbani Same, anafungua kiboksi cha plastiki nilichokiziba kwa gundi, anachomoa betri na kushuka nayo kwenda kuichaji. Umri wake si wa kupanda ngazi. Na kidude kilikuwa changu mimi, mtoto wa mjini, niliyejigamba mbele ya ukoo mzima wakati wa Krismasi kwamba Mama hatagonga tena tanki kwa fimbo ili ajue maji yamebaki kiasi gani.

"Haijalala, Mjomba," nilimjibu. "Inasikiliza."

"Inamsikiliza nani?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida kabisa. Kuna sensa ya mawimbi ya sauti inayotazama uso wa maji, kompyuta ndogo ya chipu moja, na moduli ya redio ya LoRa, aina ya redio inayotuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo. Jikoni kuna cha pili chenye skrini na kitufe. Mama akibonyeza, jikoni kunauliza na tanki linajibu. Sasa ili lijibu wakati wowote ni lazima liwe linasikiliza wakati wote, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Redio niliyotumia, SX1276, ikisikiliza inavuta kama miliampia 11. Ikituma kwa nguvu yake ya mwisho inavuta kama 120, lakini kutuma ni kufumba na kufumbua, mara chache kwa siku. Kusikiliza ni usiku na mchana. Betri ilikuwa ya miliampia-saa 2,600. Gawanya kwa 11 upate saa 236, siku kumi hazifiki. Juu ya hapo, kwenye bodi kulikuwa na kirekebisha volti cha bei chee ambacho kilikunywa miliampia 5 bila kufanya lolote la maana. Jumla 16. Siku saba pungufu. Ni hesabu ya darasa la sita, na sikuifanya kabla ya kumpandisha mzee ngazi.

Fundi mwenye akili timamu angemaliza mambo pale pale, na mimi nilimaliza hivyo kwanza: nikabadilisha kirekebisha volti, nikaliambia tanki litume lenyewe kila robo saa kisha lilale. Usingizini redio ile inavuta mikroampia 0.2. Ngazi ikarudi stoo. Kitufe cha jikoni kikakosa kazi, kwa sababu huwezi kumuuliza swali aliyelala.

Lakini swali la Mjomba lilinikaa. Kusikiliza tu, bila kusema chochote, kunakulaje umeme mwingi hivyo? Na kula huko ni lazima?

Kumbe si lazima. Mwaka 2008 Nathan Pletcher, Simone Gambini na Jan Rabaey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha redio ya kuamshia. Ni kipokezi kidogo kisichojua kusoma ujumbe. Kinachojua ni kwamba kuna mtu anaita, basi, kisha kinaiamsha redio kubwa. Kilifanya kazi kwenye gigahezi 2 kwa mikrowati 52. Redio yangu ikisikiliza kwa volti 3.3 inakula milliwati 36, mara mia saba ya hapo. Kwa betri yangu ile ile, mikrowati 52 ni kama miaka ishirini ya kusikiliza bila kupumzika, kwa hesabu ya karatasi. Betri ingekufa kwa uzee kabla ya kuishiwa. Hakisikii mbali kama LoRa, tena kwa tofauti kubwa sana. Ila kutoka jikoni hadi tanki si mbali.

Nikaanza kusoma. Na kusoma kuhusu chipu za umeme mdogo kunakurudisha kwenye jengo lile lile la Berkeley kila mara, hadi unachoka.

Jambo la kwanza nililolielewa, nalieleza kwa maji kwa sababu maji ndiyo yaliyonileta. Ndani ya chipu kila waya ni kindoo. Ukitaka waya iseme moja, unaijaza chaji. Ukitaka iseme sifuri, unaimwaga chini, na hakuna anayekinga yaliyomwagika. Umeme unaoliwa unatokana na ukubwa wa kindoo na idadi ya safari kwa sekunde. Hadi hapo hakuna maajabu. Maajabu yako kwenye volti. Ukipandisha volti, kindoo kile kile kinabeba maji mengi zaidi, na papo hapo unalazimika kuyanyanyua juu zaidi. Unalipa mara mbili. Ndiyo maana kwenye kanuni volti inazidishwa kwa yenyewe: ishushe iwe nusu, na kila safari itagharimu robo.

Tatizo ni kwamba kwenye volti ndogo transista, vile viswichi vinavyojaza na kumwaga vindoo, zinakuwa goigoi. Mwaka 1992 Anantha Chandrakasan, Samuel Sheng na Robert Brodersen wa Berkeley hiyo hiyo walichapisha makala iliyougeuza ugoigoi huo kuwa mtaji. Walichukua saketi ndogo ya kujumlisha na kulinganisha namba, iliyokuwa ikitumia volti 5. Wakaweka mbili sambamba badala ya moja, kila moja ikienda kwa nusu ya mwendo. Kwa kuwa sasa hakuna haraka, volti ikashushwa hadi 2.9. Saketi ni mbili, na bado umeme ukawa asilimia 36 ya ule wa mwanzo. Wakaikata kazi vipande vipande pia, kama watu wanaopokezana matofali, volti ikashuka hadi 2 na umeme ukabaki moja ya tano. Walicholipa ni eneo: ile ya sambamba peke yake ilitaka nafasi mara 3.4.

Kwenye ujenzi hesabu hii isingekubali. Vibarua wawili wanakula sahani mbili, waende haraka au polepole. Ndani ya chipu vibarua wawili wasio na haraka wanakula sahani moja isiyojaa hata nusu. Niliisoma sehemu ile mara tatu, nikaenda kuichora kwenye daftari nikihisi kuna mahali nimedanganywa. Sikudanganywa.

Mwaka 1994 kundi hilo likatoa seti ya chipu za kifaa cha mkononi walichokiita InfoPad: kupokea data za redio, kusahihisha makosa, kufungua picha za video, yote kwa volti 1.1 na chini ya milliwati 5. Wakati huo Wi-Fi haikuwa hata na jina.

Sasa nani atazichora saketi zote hizo? Hapa ndipo mada yangu hasa ilipo, na samahani kwa kuzunguka. Ukimwambia mchoraji wa mkono kwamba dawa ya umeme ni kurudia saketi mara mbili, mara nne, mara kumi na sita, atakutupia kalamu. Hadi miaka ya 70 michoro ya chipu ilikatwa kwa kisu kwenye karatasi nyekundu ya plastiki iliyotandazwa mezani. Kwa hiyo watu wale wale waliogundua faida ya ugoigoi ndio waliolazimika kuhangaika na mashine za kuchora. Maabara ya Brodersen ilikuwa na LAGER miaka ya 80, programu ya kugeuza maelezo ya saketi kuwa mpangilio wa silikoni, yaani ramani ya chipu yenyewe. Mwaka 2002 Rhett Davis na wenzake, Brodersen akiwemo, wakaeleza mfumo ambamo mtu wa algorithimu, yaani anayebuni hatua za hesabu, anachora mawazo yake kwenye Simulink, programu ya kuchora mifumo kwa visanduku na mishale, na programu zinaendelea hadi kwenye umbo la kupeleka kiwandani.

Wengi wakisikia "mashine inachora chipu" wanadhani faida ni kupunguza mishahara. Mimi nadhani faida kubwa ni kwamba namba ya umeme inarudi mapema, ungali na hamu ya kubadili mawazo. Zamani mtu wa algorithimu alikabidhi karatasi zake kwa mtu wa saketi, na miezi kadhaa baadaye akaambiwa kwamba wazo lake linakula betri. Nani atabomoa nyumba iliyokwisha kuezekwa? Ataongeza betri.

Mimi ni nani hata nizungumzie haya? Hapo zamani nisingekuwa mtu. Kanuni za kiwanda cha chipu zilikuwa siri ya mkataba, na programu za kuchorea zilikuwa za wenye hela. Mwaka 2018 Andrew Kahng na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walianza OpenROAD kwa fedha za DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, lengo likiwa kuchora chipu ndani ya saa 24 bila mkono wa mtu, kwa programu zilizo wazi. Mwaka 2020 Google na kampuni ya SkyWater ya Minnesota wakaweka hadharani kanuni za kiwanda za nanomita 130. Mwaka 2022 Matt Venn akaanzisha Tiny Tapeout, ambapo watu wengi wanachangia kipande kimoja cha silikoni kama abiria wa daladala, kila mmoja na kiti chake. Kiti kimoja ni mikromita 160 kwa 100 hivi. Unywele mmoja ukipita juu yake unafunika karibu nusu.

Nilianza kwa kupakua kila kitu kwenye kompyuta yangu, gigabaiti kadhaa, kwa bando la usiku. Umeme ukakatika kwenye asilimia themanini na kitu. Kesho yake nikagundua sikuhitaji kuteseka: unatuma maandishi yako ya Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kurasa mbili tatu, na kompyuta za GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, zinafanya kazi nzito huko huko. Nilituma, nikatoka kwenda kununua chipsi mayai, niliporudi chipu ilikuwa imeshachorwa. Nikaila ile ya kwanza huku nikiitazama ya pili. Safu za seli zimenyooka kama mistari ya mahindi, na juu yake waya zimepita kila upande kwa rangi mbili tatu. Kila seli ina jina lake. Ukiikuza moja unasoma sky130_fd_sc_hd__dfxtp_1, na hiyo ni flipu-flopu, kibanda cha kuhifadhi biti moja, yaani moja au sifuri. Sikuwa nimechora hata mstari mmoja.

Nilichokuwa nimeomba ni sehemu ya kidijitali ya redio ya kuamshia. Jikoni kunatuma wito wa biti 32, jina la tanki letu. Chipu inapokea biti moja moja, nyingi zikiwa kelele za angani, na kazi yake ni kupaza sauti ikilisikia jina. Niliandika kama kitabu kinavyofundisha: weka biti 32 za mwisho kwenye foleni ya flipu-flopu 32, kila biti mpya ikiingia zote zisogee, zilinganishe na jina, hesabu zinazofanana, zikifika 29 piga kengele.

Ilipita. Hakuna kosa la muda, hakuna waya zilizogusana, nafasi tele. Nikafungua ripoti ya umeme na kukuta zaidi ya nusu inakwenda kwenye mapigo ya saa ya chipu, ile ngoma inayoziambia flipu-flopu zote 32 "sogeeni". Halafu nikasoma maandishi madogo. Programu haijui waya zangu zitageuka mara ngapi, usipoiambia, inakisia. Nikatengeneza kelele za kuigiza, nikaipa orodha ya nani aligeuka lini, na picha ikawa mbaya zaidi. Kelele zinageuza nusu ya foleni kwa kila pigo, na kule kwenye kujumlisha kila badiliko linaamsha jirani zake.

Nikaanza kuikwaruza. Nikabadilisha mpangilio wa kujumlisha, umeme ukapungua kidogo. Nikapata wazo ambalo kwa saa mbili lilinifanya nijione Brodersen: biti zisisogee! Kila biti mpya iandikwe kwenye kibanda chake, na flipu-flopu 31 nyingine zikae kimya. Ni kweli zilikaa kimya. Ila kwa kuwa mwanzo wa foleni sasa unahama, ilibidi jina ndilo lizunguke, na jina nalo ni biti 32. Nilikuwa nimehamisha kelele kutoka sebuleni kwenda chumbani. Mashine ilinichorea upuuzi huo kwa unadhifu ule ule, kila waya mahali pake.

Jibu lilitoka Same, na mwenye nalo hakujua kuwa amelitoa. Mjomba alikuwa mlinzi wa usiku miaka mingi kabla ya kustaafu. Siku moja tukiongea mambo mengine kabisa nikamuuliza aliwezaje kukesha lindoni usiku kucha.

"Hukeshi, wala hulali," akasema. "Sikio unaliacha kwenye komeo la geti. Mbwa wabweke, gari zipite, hayakuhusu. Komeo likilia ndiyo unafungua macho."

Kumbe nilikuwa nimemwajiri mlinzi anayesikiliza kila gari. Nikaifuta foleni ya biti 32, nikaacha ya biti 8 tu, na zile 8 ndizo komeo. Zikifanana na mwanzo wa jina, hapo ndipo saa inafunguliwa kwa sehemu ya pili. Na sehemu ya pili haihitaji kuhifadhi kitu: kila biti inayofuata inailinganisha na inayotarajiwa, inahesabu makosa, inaitupa. Flipu-flopu 24 zikatoweka na nafasi yake ikachukuliwa na vihesabio viwili vidogo. Mti mzima wa kujumlisha ukatoweka pia. Hakuna programu ya kupanga seli ambayo ingefanya hivyo, kwa sababu kwa macho yake nilikuwa naondoa kazi niliyoiagiza mwenyewe. Yenyewe inaweza kusogeza seli, kukata saa isiyohitajika, kuchagua transista ndogo. Haiwezi kukuuliza kama ulihitaji kujua.

Nisijisifu sana, maana toleo la kwanza la komeo lilikuwa bovu. Kwa huruma niliruhusu kosa moja kati ya biti 8, nikidhani redio za kweli zinakosea. Kati ya michanganyiko 256 ya biti 8, yenye kosa moja au bila kosa ni 9. Yaani kwenye kelele tupu komeo linalia kila baada ya biti 28 hivi, na kila likilia sehemu ya pili inakesha kwa biti 24. Mlinzi yuko macho karibu nusu ya usiku! Niliona kwenye picha ya mawimbi ya uigizaji kabla sijaona kwenye hesabu: mstari wa "amka" ulikuwa umejaa meno kama chanuo. Nikabana. Biti zote 8 zifanane, na sehemu ya pili ikishahesabu makosa manne ikate tamaa hapo hapo. Sasa inaamka bure mara moja katika biti 256 na kurudi kulala baada ya biti 8 hivi, asilimia 3 ya muda. Itakosa baadhi ya wito wa kweli kwa ukali huo, kwa hiyo jikoni kunatuma wito mara tatu. Jikoni kuna umeme wa ukutani, kupige kelele kunavyotaka.

Kila jaribio kati ya haya lilinichukua jioni moja. Ningekuwa nasubiri mchoraji miezi mitatu, ningekwama kwenye lile la kwanza na kuliita zuri.

Upande wa redio yenyewe, yaani antena, vikuza mawimbi na vichujio vyake, mambo bado hayako hivi. Pale waya si kindoo tu. Umbo lake, urefu wake na jirani yake vyote vinabadilisha mawimbi. Kundi la Kaushik Sengupta wa Princeton mwaka 2024 lilionyesha akili mnemba ikibuni sehemu za redio za masafa ya juu sana, na maumbo yake yanaonekana kama mtu aliyemwaga mchele mezani. Yanafanya kazi. Mimi bado nayatazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu kikiharibika sijui nitaanzia wapi kutafuta. Kwa hiyo redio yangu ya mbele, nikiipata, itakuwa ya mtu mwingine, aliyeichora kwa jasho.

Nasema nikiipata. Efabless, iliyokuwa ikipeleka silikoni za Tiny Tapeout kiwandani, ilifunga shughuli mwaka 2025, na baadhi ya safari zimehamia kwa IHP, taasisi iliyoko Frankfurt (Oder), Ujerumani. Kanuni zao pia ziko wazi, nanomita 130 vile vile, ila seli ni nyingine. Nimeanza kuituma Verilog yangu upya. Juzi imepita bila kosa, na kiti sijakilipia.

Mjomba nimemweleza kwamba kidude kitakuwa kinasikiliza komeo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama chipu itakuwa inalipwa posho ya usiku. Kitufe cha jikoni bado kipo ukutani. Mama amekitundikia ufunguo wa stoo.